Kuota Ubao

Saa kumi alasiri Nélida Aguirrezabala aliweka birika kwenye ukingo wa ubao wake, pale panapowekwa chaki, na alipomaliza mstari mmoja wa hesabu maji yalikuwa tayari kwa mate, ile chai chungu ya majani inayonywewa kwao kwa mrija. Hayakuchemka. Maji ya mate hayachemshwi, huunguza majani, na yeye alishajua aandike alama zipi ili birika lisifike huko.

Ubao ulikuwa ukitoa joto tangu mwaka juzi. Kazi yake ilikuwa kwaki na gluoni, vile vipunje vidogo kabisa vilivyomo ndani ya kiini cha kila kitu, na jinsi vinavyokuwa vikipata joto kushinda la tumbo la jua. Alipofika kwenye joto hilo aliliandika kwa chaki, na ubao ukapata moto. Mkurugenzi wa taasisi, Otamendi, alikuja, akaugusa kwa kiganja, akasema ubao wa ofisini kwake una nyufa na hakuna anayeshughulika, akaenda zake.

Kipupwe hiki gesi ya kupashia vyumba joto ilikatwa taasisi nzima ya fizikia, na upepo wa mto Paraná ukawa unaingia mji wote wa Rosario hadi ndani ya droo za watu. Basi wakaanza kuja kwa Nélida kuota ubao. Walikuja na viti vyao na makoti mabichi. Mirta wa masjala alikuja na soksi za wajukuu, akazianika kona ya juu kulia, palipokuwa na jibu. Kibuyu kimoja cha mate kikawa kinazunguka mkono kwa mkono, mrija mmoja kwa vinywa vyote. Na kwa kuwa mgongo ndio unaoumwa na baridi kuliko kiungo kingine, wote walikaa wameupa ubao kisogo.

Hilo ndilo lililomkereketa Nélida. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwanzoni mwa Agosti, na usingeongezwa mpaka mwenzake mmoja, mmoja tu jamani, aisome hesabu ile na kutia sahihi kwamba haina kosa. Chumba kilijaa watu wenye uwezo wa kuisoma, na hakuna aliyegeuza shingo.

"Otamendi," alisema siku moja, "hebu geuka uangalie mstari wa nne."

"Nélida mpenzi, nikigeuka mgongo utaganda. Nieleze tu kwa mdomo, masikio yangu hayana baridi."

Akaeleza. "Kwaki haikai peke yake. Ukizivuta mbili uzitenganishe, kamba inayozifunga hailegei, inakaza tu, na ikikatika kila ncha inapata mwenzi mpya hapo hapo."

"Zina bahati hizo," alisema Mirta. "Yangu ilikatika mwaka wa tisini na tatu, mpaka leo nimeshika ncha."

Watu wakacheka.

"Kwenye joto kali kamba inayeyuka, kila moja inashika njia yake," Nélida aliendelea. "Hilo linajulikana. Mimi nimekuta kwamba hata ikishayeyuka, kwa muda bado zinatembea kama zinakumbukana."

"Muda gani?" Mirta aliuliza.

"Mfupi mno. Lakini upo."

"Zuri sana hilo," alisema Otamendi, akakisogeza kiti chake kinyumenyume, karibu zaidi na mstari wa nne.

Nélida hakuwaambia kuhusu mumewe, Fabricio, aliyekwenda Uhispania mwaka ule benki zilipofunga milango, akaandika barua kwa muda, kisha asiandike. Halikuwa jambo la kutia kwenye hesabu. Alikuwa mpweke, basi, upweke wa kawaida wa mtu ambaye taa asipoizima yeye haizimwi.

Mwisho wa Julai ikaja kamati ya watu watatu kutoka mji mkuu kukagua kazi yake. Walivua glavu, wakaingiza viti vyao safuni, wakala vitumbua vya siagi alivyonunua Mirta, wakanywa mate mpaka majani yakaisha ladha. Waliandika kwamba chumba ni kikavu na kizuri, na kwamba ubao usiondolewe kwa sababu yoyote ile. Hesabu hawakupata nafasi ya kuitazama.

Otamendi aliitangaza habari hiyo kibuyu kikiwa mkononi mwa Nélida. "Ubao umepita kwa kura zote. Wewe, mpenzi, imeshindikana. Sahihi haikupatikana, na taratibu unazijua kuliko mimi."

"Asante," alisema Nélida. Alilelewa vizuri, na mtu akikupa habari unamshukuru. Ila huko kwao anayerudisha kibuyu kwa asante amesema ametosheka, na tangu alasiri ile kibuyu kikawa kinamruka. Hakuna aliyekusudia ubaya. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke, na hawa hata teke hawakumpiga. Walipanua miguu tu alipoondoa kiti chake.

Agosti akakaa nyumbani. Aliandika joto lile lile kwenye karatasi mezani jikoni, na karatasi ikabaki baridi. Wiki ya pili simu ikalia.

"Nélida, ndugu yangu, ubao unapoa," alisema Mirta. "Soksi zinalala na maji. Njoo utuandikie japo mistari miwili."

"Na mkataba?"

"Mkataba hakuna, nisikudanganye. Ila watu wapo."

Nélida aliitazama pumzi yake ikipanda juu ya meza. Kisha akavaa koti.

Walimpisha bila kugeuka, wakasogeza viti apite kati ya migongo yao na ubao. Aliziondoa soksi, akakuta jibu lipo, akaandika mstari wa tano. Mstari huo ulionyesha kwamba kwaki zinakumbukana kwa muda mrefu kidogo kuliko alivyodhani. Hakukuwa na wa kumwambia. Joto likapanda, na nyuma yake watu wakashusha pumzi, mmoja baada ya mwingine.

Mkono mmoja ukapita juu ya bega la mtu, ukimnyooshea kibuyu, mwenye mkono akiangalia dirishani. Nélida alikipokea, akanywa mpaka mrija ukakoroma. Asante ikamfika ulimini. Akaimeza, akarudisha kibuyu kimya, ili zamu ikizunguka kimfikie tena.