Herufi Kumi na Nne

…si mkono huo, mshipa wa mkono huo umekimbia tangu jana, jaribu wa kushoto, aliwaza Gracia, amekaa ukingoni mwa kitanda akiikanda miguu ya shangazi yake juu ya shuka, miguu ya baridi, baridi hivi mchana kweupe, na Mama Ntumba, muuguzi, alikuwa akipigapiga kiganja cha mgonjwa kwa vidole viwili, "Funga mukono, maman, funga nguvu, mishipa yako iko najificha," na shangazi, aliyemwaga damu kwenye oparesheni juzi mpaka midomo yake ikawa ya kijivu, akajitahidi kutania, "Inaogopa sindano sawa vile mwenyewe"… na mfuko wa damu tayari umetundikwa, mzito, ukijigeuza polepole kwenye chuma chake, mgongo, ubavu, sasa uso, na usoni ile etiketi ndogo nyeupe, etiketi yake Gracia, programu ni yake, yeye ndiye aliyeipanga, KALENGA MWENYA, na chini yake kwa herufi nene, A+, imenyooka, safi, akataka kujisifu kidogo moyoni, nani asiyejisifu, mbona swali likamkatiza kabla sifa haijafika… Kalenga Mwenya yupi? Maana na yeye ni Kalenga Mwenya. Baba yake Godefroid alipopata binti alimpa jina la dada yake, lote, la kwanza na la pili, wakatofautiana la ubatizo tu, huyu Régine, huyu Gracia, na hapa Lubumbashi watu wenye jina moja namna hiyo huitana majina, majina yangu, tangu anyonye shangazi hajamwita vingine, "Majina, kuja ukule," "Majina, banakupiga ku masomo, kuja unionyeshe nani"… na leo asubuhi wote wawili walitolewa damu kwenye korido moja, shangazi ili ijulikane atiwe damu gani, Gracia ili naye aache mfuko wake benki ya damu kama ndugu wa kila mgonjwa anavyoombwa, na Émile wa maabara akabandika etiketi mbili kwenye vichupa viwili, akaviweka kwenye kisahani kimoja, akaondoka navyo akipiga mluzi.

Polepole, alijiambia, polepole, fuata ulivyoandika… kwa Java, lugha ya kompyuta, alimwandika Mgonjwa kama kitu kimoja kinachojibeba, jina lake humo, umri humo, kundi la damu humo, na humo humo amri ya kujichapa, anayetaka etiketi anamwambia tu Mgonjwa jichape, basi, na karatasi ilikuwa nyembamba kuliko kidole gumba, majina ya watu wa kwetu marefu, mstari ukivuka ukingo unaangukia juu ya kundi la damu na kulifuta, ndipo akaweka alama ya kupima jina, asilimia, kistari, kumi na nne, nukta, kumi na nne, s, kumi na nne ya kwanza inalinda nafasi, jina fupi lijazwe hewa, na ile baada ya nukta ndiyo kisu, herufi ya kumi na tano haipiti, haulizwi mtu, hakuna kengele, inakatwa kimya… lakini alijaribu, jamani, alijaribu, nyumbani Makomeno, mezani, shangazi huyu huyu akimenya mihogo mbele yake, na alipotaka jina la kujaribia mkono ulisita, jina la mtu asiyeumwa huliandiki kwenye karatasi ya wagonjwa, ni kumwitia ugonjwa, hata waliosoma hawafanyi hivyo, basi akaandika la kwake, likimpata limpate mwenyewe, na likatoka KALENGA MWENYA, saba, nafasi, sita, kumi na nne kamili, halikuonekana limekatwa popote, lingekatwa katikati, GRA, hata G moja yatima, angeshtuka, lakini lilikaa pale limetulia kama la mtu asiye na jina la tatu, akafurahi, akamwonyesha shangazi, "Tantine, angalia," na shangazi akafuta mikono, akaangalia, "Eh, majina, sasa tuko mu machine," na wakacheka.

Na namba ya faili, ambayo ingewatofautisha, aliitoa mwenyewe, daktari alitaka A na B na O zionekane kutoka mlangoni, nafasi ikabana, akaitoa, haraka haraka haina baraka, nani hakumfundisha… lakini ngoja, pengine shangazi naye ni A, ni dada wa baba, damu si inafuatana, mbona unajiua bure, A+ ile inaweza kuwa yake kabisa, na Émile si mjinga, lazima aliijaribu damu ya mfuko na ya mgonjwa pamoja kwanza kabla ya kutoa mfuko… aliijaribu na kichupa kipi? "Sasa ule mwingine, maman, nyoosha," sauti ya Mama Ntumba ikitoka mbali, na kumbukumbu ya hospitali ya Kipushi ikamjia bila kuitwa, ajali ya lori, mume wa shangazi, Symphorien, amelazwa, kundi la damu yake adimu, ndugu zake wanaangaliana, na shangazi akirudi kutoka kutoa damu amefungwa pamba mkononi, anatembea na maringo yake, akimwambia kila aliyekaa pale, "Banasema damu yangu inaenea bantu bote, haibague mutu," na mwaka mzima akawa anajisifia hivyo sokoni… inawafaa wote. O. Aliye O huwapa wote, na yeye mwenyewe hupokea kwa O tu, hilo alilikariri shuleni, na lile lingine pia, akitiwa ya A mwili wake unaipiga vita, homa, mgongo, figo, matone machache tu yanatosha… na mwenye A chumba hiki ni nani, kadi ya chuo iko mkobani, A, Gracia, A.

Sema basi. Aseme nini, na daktari alimwambia mkurugenzi wa hospitali kwamba hii ni kazi ya mtoto wa kwetu, na mdogo wake Chance yuko shuleni kwa mshahara huo, na kama amekosea, kama ile habari ya Kipushi ameichanganya, damu itashushwa, itarudi maabara, na shangazi atangoja nini akiwa na midomo ile, anaweza kumuua kwa kusema pia, aliogopa, aliogopa, akajikuta anaomba mshipa usipatikane, dakika moja, mbili, mficha uchi hazai, mama yake angesema hivyo, mficha uchi hazai, wee Gracia… "Voilà, tumeushika," akasema Mama Ntumba, akabandika plasta, akapeleka vidole kwenye kigurudumu cha kufungulia mpira wa damu.

"Mama Ntumba, usifungule." Ilitoka ndogo. Akainuka akauweka mkono wake juu ya mkono wa muuguzi, jambo ambalo halifanywi. "Usifungule. Hii iko group yangu miye, haiko yake. Etiketi inakata majina. Miye njo niliitengeneza." Muuguzi akamtazama, vidole bado juu ya kigurudumu, na shangazi akafumbua macho, "Ni nini, majina?" na Gracia alingoja aibu imwangukie, alikuwa ameiandalia nafasi, lakini haikuja, kilichokuja kilikuwa kikubwa kuliko aibu, maana macho yake yalipokwepa ya shangazi yalitua kitanda cha pili, mwanamke kijana kutoka Mitwaba aliyejifungua alfajiri, amelala, damu yake inadondoka taratibu, tone, tone, na etiketi nyeupe ya programu ile ile imegeukia ukutani.

"Na ule pale," akasema, "jina yake yote ni nani?"