Jani la Shamba Langu
Mwaka sabini na sita kijiji chetu, huku juu milimani Mbeya, kilikosa mbolea ya chumvichumvi, na mimi Damari ndiye niliyekikosesha. Wapo wanaomlaumu mwenyekiti. Sehemu yake namwachia, lakini yangu naijua.

Mahindi ya watu yalikuwa yamefika magotini na yalikuwa yanageuka manjano. Bwana Shamba Fanueli akaja kutoka Iringa na mashine ya majaribio, kisanduku cha betri chenye taa na kibanio. Jani likibanwa, taa inalimulika, na mshale unaonyesha kama mmea umeshiba au una njaa. Kijiji kitakachokutwa na njaa kitaletewa mbolea. Alitueleza hayo mkutanoni, na kila mtu alisikia.

"Betri zinakaribia kuisha," akamwambia mwenyekiti wetu, Lutengano. "Nipeleke shamba moja tu, la kawaida."

La kawaida, kwetu sisi? Mgeni anaonyeshwa kizuri, aibu zetu tunabaki nazo wenyewe. Lutengano akampeleka kwangu moja kwa moja, kwa sababu mahindi yangu yalikuwa yamenifika kifuani, kijani kibichi. Wala si ujuzi. Tulipohamishiwa kijijini nilipewa mahali palipokuwa zizi la ng'ombe la mzee Andendekisye, na samadi ya miaka ilikuwa chini humo.

Wifi yangu Atuganile, mjane wa kaka yangu, alisimama ng'ambo ya mfereji katika mahindi yake ya manjano. Ana watoto wanne. Alinitazama, akingoja nifungue mdomo.

Fanueli akabana jani, mshale ukaenda hadi mwisho. "Mama, wewe ni mkulima hodari," akasema. "Umetia nini humu?"

Hapo ndipo ningetaja zizi. Lakini tangu nizaliwe hakuna mtu wa ofisini aliyewahi kunisifu mbele za watu.

"Jembe tu, Bwana Shamba," nikasema. "Na kuamka mapema."

Nikacheka, mjinga mimi. Lutengano naye akacheka. Fanueli akaandika kwamba kijiji kimeshiba.

Wiki mbili baadaye lori la mbolea lilitupita, likaenda kijiji cha jirani, kilichoandikwa kuwa kina njaa. Nilimkimbilia Lutengano nikamwambia twende Iringa tukaseme ukweli. Akasema karatasi imeshapigwa mhuri, na yeye hawezi kwenda kujiita mwongo.

Kwetu watu huvuna kwa kusaidiana. Mwaka ule nilivuna peke yangu. Hakuna aliyenitukana, walipita, wakanisalimu vizuri, wakaenda zao.

Atuganile alipita na watoto wote wanne, vikapu mikononi, wakienda kuvunia watu kwa ujira kule jirani. Nikamwita aje achukue gunia kwangu.

"Asante, wifi," akasema bila kusimama. "Tunakwenda kwa wale wenye njaa. Ndiko kuna chakula."