Sahihi ya Pili

Baada ya miaka kumi na tisa katika idara ya fedha ya benki, aliacha kazi akawa mshauri wa uendeshaji, kwa muda wa majaribio. Mkuu wake mpya alimpa kiwanda cha magodoro na swali moja: kwa nini mizigo inachelewa kutoka? Asipojibu kufikia Ijumaa, hana kazi.

Siku tatu alijifungia na mafaili. Wafanyakazi wakambandika jina la Bwana Faili.

Alhamisi mama mmoja mpakiaji alimgongea mlango.

"Mwanangu, magodoro hayalali humo kwenye mafaili. Hebu njoo uone."

Stoo ilijaa magodoro yaliyofungwa tangu asubuhi. Nje lori lilikuwa tupu.

"Yanangoja nini?"

"Sahihi ya pili. Meneja ameshasaini, bado mhasibu. Yuko mkutanoni."

"Kila siku?"

"Kwani wewe ungekuwa mhasibu, ungekosa mkutano?"

Wapakiaji walicheka. Yeye hakucheka. Kanuni ya sahihi mbili ndiyo aliyoipigania benki mpaka akapandishwa cheo. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Jioni aliandika ukurasa mmoja: mzigo utoke kwa sahihi moja. Akatia sahihi yake chini, na kwa mazoea akachora kando yake mstari wa sahihi ya mtu wa pili. Aliutazama kidogo, akaufuta.

Ijumaa mkuu wake aliusoma ukurasa ule akiwa amesimama.

"Jumatatu uende kiwanda cha sabuni," alisema.