Godoro la Kamati ya Upendo

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Shemeji alikuwa mkatili, lakini mkatili walau anajua anachokifanya. Mimi nilikuwa punda tu, na punda husifiwa mgongo, si akili.

Mimi ni fundi makochi. Ng'ambo ya karakana yangu, katika chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ukuta, aliishi mzee mtengeneza saa. Tulimwita Babu Saa. Alikuwa Mwislamu, amefiwa na mkewe, hana mtoto, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko bisibisi zake. Siku moja alipanda kigoda kutundika saa ya mteja, kigoda kikamsaliti, nyonga ikavunjika. Akalala upande mmoja mpaka ngozi ikafanya kidonda.

Hapo Kamati ya Upendo ya kanisa letu ikaingia. Mwenyekiti wake ni shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, mwanamke ambaye akisema "Bwana asifiwe" unajikuta umesimama wima kama umeitwa na askari. Akina mama wakamfulia mzee, wakampikia uji, wakamgeuza. Mimi nilipewa godoro la sponji la kanisa nilikate lienee kitanda chake. Nikazidisha: nilimpima, nikachonga kibonde mahali pa kidonda, nyonga ikae bila kuguswa na kitu. Kile kipande nilichokitoa nikakitupa rafuni. Kidonda kikaanza kufunga.

"Fundi," mzee aliniambia, "umenichimbia kaburi kabla ya wakati."

"Babu, kaburi halina sponji."

"Ndiyo maana sina haraka nalo."

Jumapili moja shemeji alimfuata na gari la kukodi. Mgeni mkubwa alikuwa anakuja kanisani, na alikwisha kuahidiwa kuonyeshwa matunda ya kamati. Babu Saa abebwe, awekwe mbele ya watu, aongozwe sala ya kuokoka. Mzee akaweka mkono kifuani.

"Mwanangu, Mungu akulipe kwa kila kijiko cha uji. Lakini dini yangu sikuiokota njiani, siwezi kuisahau kwenye teksi."

Shemeji hakugombana. Alitabasamu, tabasamu la mtu anayefunga duka. Kesho yake uji haukuja. Nguo za mzee zikarudi mbichi kwenye beseni, na povu lake. Siku iliyofuata shemeji akasimama mlangoni pa karakana.

"Shemeji, kachukue lile godoro. Kuna muumini mpya analihitaji."

"Lina shimo, shemeji. Limechongwa kwa nyonga moja tu duniani."

"Kile kipande si unacho?"

Kilikuwa rafuni, juu ya kichwa changu. "Ninacho."

"Basi na gundi unayo."

Nikajikaza. "Wale wakoma tisa walioponywa na Yesu hawakurudi hata kusema ahsante, na Bwana hakuwarudishia ukoma wao."

"Ehee! Umekuwa mchungaji lini? Au na wewe umeshasilimishwa huko huko, tukutafutie kofia?"

Mafundi wenzangu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, kama nifanyavyo kila ninapoogopa, nikamfuata.

Tulimkuta mzee amesinzia. Shemeji akamshika mabega, mimi miguu, tukamlaza kwenye chaga tupu za kitanda. Chaga moja ilipita palepale penye kidonda. Hakupiga kelele. Aliuma shuka, huku saa za watu ukutani zikiendelea kugonga, kila moja kwa wakati wake. Doa likatokea kwenye bandeji, dogo kama kifungo, likapanuka. Mimi nikaliona. Nikaendelea kukunja godoro.

"Shemeji, tumwachie japo nusu," nilinong'ona.

"Mali ya Bwana haikatwi nusu. Beba."

Nikajitwika. Kile kibonde kikaniingia kichwani sawasawa, mpaka masikioni. Babu Saa akanitazama, akaanza kucheka, na kwa kucheka akazidi kuumia, machozi yakamtoka.

"Fundi," alisema, "limekuenea! Kumbe siku ile ulijipima mwenyewe."

Nilisimama pale mlangoni na kofia yangu ya sponji. Lakini shemeji hawezi kuondoka bila neno la mwisho. Aligeuka, akanyoosha kitambaa chake cha kichwa.

"Usitucheke, mzee. Tulikupenda, wewe ukatukataa. Hatuna ubaya na mtu sisi. Bwana ametuita tuwe wavuvi wa watu."

Babu Saa akapangusa mdomo kwa ncha ya shuka.

"Chambo chenu kilikuwa kitamu, mwanangu, sikatai. Lakini mvuvi nimemwona akimlisha samaki; akimpenda, bado sijamwona."