Kimo cha Kiti

Mume wangu, Swaibu, alimpa fundi fimbo ya mpera badala ya maelezo, na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama. Fimbo aliichonga mwenyewe, akaikata huku na huku, kisha akamwambia Phanuel kwamba pikapu yetu ikishashushwa kimo, kiti chake kisiipite fimbo ile hata kwa upana wa kidole. Phanuel aliipokea kwa mikono miwili. Akamtazama Swaibu, kisha akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyebaki na akili katika nyumba ile. Nami, Mungu anisamehe, nikapandisha mabega.

Pikapu nilikuwa nimeinunua mimi, kwa jasho langu. Ilikuwa Datsun ndogo kuukuu, ya bei ya kutupa, iliyokaa nyuma ya kinu cha posho kule Matete hadi kuku wakaifanya nyumba. Niliitaka ya kubebea mahindi na maharagwe hadi dukani kwangu mjini Kakamega. Swaibu aliizunguka mara mbili kwa kiti chake cha magurudumu, akasema ataishusha. Kwetu huku mtu mwenye gari huliinua kabla ya masika, na hakuna anayeulizwa sababu. Yeye alitaka tumbo la gari likaribie lami, ubavuni pachorwe michirizi mirefu ya samawati na zambarau, kama pikapu alizoziona katika gazeti moja la magari miaka ya tisini, alipokuwa utingo kijana Mombasa. Ukurasa wa gazeti hilo bado alikuwa nao, ameukunja ndani ya leseni ambayo hakuwa na kazi nayo tena. Nilimuuliza kama mahindi yangu sasa yatasafiri kwa kutambaa, naye akasema mahindi hayana haraka.

Swaibu aliendesha malori ya miwa miaka ishirini, mpaka siku moja lori likapinduka na miguu yake ikakataa kurudi. Mwaka wa kwanza alitoka kama kawaida. Wanaume walikuwa wakimnyanyua na kumpakia garini, naye akiwatania kwamba wamezoea magunia mepesi. Kisha ikafika Idi moja kule kwetu Mumias. Wanaume wanne walimshusha garini mbele ya lango la msikiti, mmoja akashika kanzu badala ya kumshika mtu, na kanzu ikapanda hadi kifuani mbele ya wakwe, jirani na watoto. Walimfunika upesi, na hakuna aliyecheka. Baadaye aliniambia kwamba hilo ndilo lililomuua, kwamba hakuna aliyecheka. Tangu siku hiyo hakuvuka lango letu la nyumbani Shieywe kwa miaka miwili.

Raisa, binti yetu wa pekee, alipoposwa, na nikaha ikapangiwa msikiti uleule, Swaibu alisema kwa upole kwamba kaka yake Musa atasimama mahali pake kama walii wa kumwoza. Raisa akajibu, sawa Baba, akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Nilimsikiliza akiviosha, nikaumia. Baba yupo, hai, ana sauti na akili timamu, na binti aozwe na amu yake. Niliomba, nilibembeleza, nikatafuta vijana wanne wenye adabu na nguvu, nikawaahidi pilau. Swaibu akaniambia niwape hiyo pilau wailie nyumbani kwao.

Kwa hiyo mambo ya pikapu niliyachukua kama mchezo wa kumsahaulisha siku zilivyokuwa zikikimbia. Gari lilipelekwa kwa Phanuel, ambaye kibanda chake kiko kando ya barabara ya Shirere. Miaka thelathini Phanuel ameinua magari ya wabeba miwa, ya walimu, ya mapadri. Mikono yake inajua njia moja tu, ya kwenda juu. Lilirudi likiwa limelala chini vizuri, nikajifanya sikulipenda. Swaibu alikaa uani siku tano akilipaka rangi mwenyewe, maana sasa mkono wake ulifika karibu kila mahali. Paa ndilo lililomshinda, nikalipaka mimi, na hadi leo mtu haulizi nani alipaka wapi.

Ijumaa moja, zikiwa zimebaki siku nane kabla ya nikaha, Swaibu aliniambia nifungue mlango wa abiria. Akatoa ubao alioupiga msasa na kuusugua nta, akauweka kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu hadi kwenye kiti cha gari. Hapo nilielewa, nikiwa nimesimama na ufunguo mkononi. Fimbo ile ilikuwa kimo cha kiti chake cha magurudumu. Alitaka viti viwili viwe sawa, ateleze juu ya ubao kwa nguvu za mikono yake, asiguswe na mtu.

Lakini ubao haukulala sawa. Ulipanda, vidole vinne hivi, na vidole vinne kwa mtu ambaye miguu yake haimsaidii ni mlima. Alijisukuma akafika katikati, akarudi. Akajaribu tena, akarudi. Mara ya tatu nilimtia mkono kwapani, kwa mazoea, wala sikufikiri.

"Zeituni, niache," alisema.

Akageuza kiti akaingia ndani. Nikiwa bado pale uani nilimsikia kupitia dirishani akisema, bila hasira yoyote, nimwambie Musa atayarishe kanzu yake.

Nilichukua fimbo, nikaingia kwenye pikapu, nikaenda Shirere nikiwa nimejaa maneno. Kila tuta lililikwangua gari tumbo, na kila lilipokwanguliwa nilimwongezea Phanuel tusi moja. Nilipofika nilisimamisha fimbo kando ya kiti mbele yake. Hakubisha. Alifuta mikono kwa kitambaa na kunionyesha mwenyewe: springi za mbele alikuwa ameacha pete moja asiikate, na za nyuma alikuwa amerudisha bamba moja alilokwisha kulitoa.

"Mama Raisa, mimi nainuanga gari," alisema. "Hakuna mtu amewahi niambia nishushe. Nilipoikata nikaona haya matuta yataipasua tumbo, nikamwachia kidogo. Nilimhurumia tu, wala sikutaka kumuibia."

Nikamwambia fimbo ilikuwa ya nini. Phanuel alikaa juu ya gurudumu kuukuu, akainamisha kichwa. Nami maneno yote niliyoyabeba njiani yakaniishia. Tangu ajali nilikuwa nikiita wanaume wamnyanyue mume wangu kabla hajaomba. Niliwaita kwa sauti, nikawashukuru kwa sauti, nikawapikia. Sikuwahi hata mara moja kumuuliza yeye mwenyewe angeweza kufika wapi. Nilimwambia Phanuel kwamba kosa lake nalijua vizuri, maana mimi nimelifanya kwa muda mrefu zaidi. Kisha nikaona haya, nikaagiza chai, tukainywa.

Alikuja kwetu alasiri ile na vyombo vyake vyote. Alipiga hodi, akavua kofia, akamwomba Swaibu msamaha bila kujitetea. Swaibu alimtazama kutoka juu hadi chini. Nilidhani atamfukuza.

"Mimi ndiye sikusema," alisema. "Sitaki kubebwa, Phanuel. Nataka kuingia mwenyewe, na nitoke mwenyewe, pale msikitini, binti yangu akiolewa."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisikia neno hilo likitoka kinywani mwake, na alimwambia fundi, si mimi. Sikuona wivu. Nilishukuru kwamba limetoka.

Phanuel alilala chini ya gari hadi jua likaanza kuinama. Alikata pete, akatoa bamba, akapunguza hata vyuma vinavyoshikilia kiti. Kisha akafanya jambo ambalo sijapata kuliona kwa fundi mwingine. Alimwomba Swaibu ahamie mkekani, akakaa yeye kwenye kiti cha magurudumu, akaniomba leso nimfunge miguu kwa nguvu ili isimsaidie kwa hila. Akaweka ubao, akajaribu kuingia garini. Akashindwa. Nikamfungua, akarudi chini, akapunguza tena, nikamfunga tena. Swaibu, mkekani, alianza kumwelekeza: mkono wa kushoto mbele, usivute, sukuma, kifua kiinamie magoti. Mara ya nne Phanuel aliteleza hadi ndani, akakaa pale, jasho likimtiririka, miguu imefungwa kwa leso yangu ya maua.

"Baba Raisa," alisema, "hii kazi yako ni ngumu."

Swaibu akacheka. Akacheka mpaka akashika ubavu, na Raisa akatoka jikoni kuja kuona kuna nini. Jua lilikuwa bado halijatua Swaibu alipoingia garini na kutoka mara sita, bila mkono wa mtu, sisi watatu tukimtazama kama watu waliokuja kwenye mpira.

Siku ya nikaha niliendesha mimi. Matuta yote ya kuelekea Mumias niliyavuka kimshazari, gurudumu moja baada ya jingine, magari yaliyotufuata yakipiga honi na Swaibu akiyapungia mkono kwa adabu. Vijana wa bodaboda walitusindikiza kwa sababu ya ile rangi. Kwenye lango la msikiti wanaume walikuja mbio, mikono tayari, na Musa mbele yao. Swaibu akawaonyesha kiganja, wakasimama. Nilishusha kiti cha magurudumu kutoka nyuma, nikaweka ubao, nikarudi hatua tatu. Hizo hatua tatu ndizo zilizokuwa ngumu kuliko safari nzima. Alichukua muda wake. Kanzu haikupanda. Wanaume, kwa kukosa la kufanya na mikono yao, walianza kuchungulia chini ya gari wakiulizana limeshushwa vipi, nami niliwashukuru kwa kila swali.

Tulikaa upande wa wanawake, Raisa ameshika mkono wangu kwa mkono wake wenye hina. Kipaza sauti kilikuwa kimefunguliwa, kinasikika hadi sokoni. Nilimsikia Sheikh akiuliza walii ni nani, na nikamsikia mume wangu akisema ni yeye. Kisha akakohoa kidogo, na sauti ambayo kwa miaka miwili haikuvuka lango letu ikatoka nje juu ya paa, juu ya wauza ndizi na pikipiki na watu wa Mumias waliokuwa wakienda zao.

"Nimekuoza binti yangu Raisa."

Bwana harusi akajibu kwamba amekubali. Sheikh akasema inatosha, mara moja inatosha. Swaibu akasema tena.