Diske ya Kumaliza Matanga

Mimi niko kichwa nguvu, mutaa yetu ya Kadutu yote inajua. Lakini familia ya marehemu bwana yangu Lucien waliponiambia kama siku ya kumaliza matanga nitafungua dansi na shemeji yangu Télesphore, sikubishana. Kwao, mujane akidansi na ndugu ya marehemu mpaka diske ya muziki iishe, basi amekubali: ni bibi yake. Akikataa mwenyewe, wanamunyanganya nyumba; lakini shemeji akishindwa kudansi, mujane hana kosa. Nikasema tu, "Sawa, maman. Diske nitachagua mimi."

Maman Delphine, shangazi ya Lucien, alicheka. Alifikiri nitaleta rumba.

Nilileta tango, dansi ya wazungu. Lucien alikuwa mupishi kwa muzungu mumoja wa mutaa ya Muhumba, na yule muzungu alipohama alimuachia fono ya kuzungusha kwa mukono, na diske moja nzito ya zamani, ya Argentine. Inachacharika kama mafuta yenye imepata maji, na ndani yake, mbali, kuko violon na kinanda cha kuvuta kinalia. Muziki inatembea, inatembea, halafu inasimama gafla, kama mutu amekumbuka kitu kibaya. Hapo mwanamuke anangoja. Hasogeze muguu mpaka mukono ya mwanaume imuambie. Mwenye hajue ile fasi ya kusimama anajikwaa. Katika Bukavu muzima nilijua watu wawili tu wenye wanaijua: Lucien na mimi. Télesphore angeanguka mbele ya kila mutu, diske ingekatwa, na mimi ningebaki mwenyewe katika nyumba yangu. Hiyo njo ilikuwa akili yangu.

Télesphore alikuja na suti mupya ya abakosti, jasho inamutoka. Akaweka mukono kwenye mugongo yangu, fasi yenyewe kabisa Lucien alikuwa anaweka. Tukaanza. Muziki ikasimama, naye akasimama. Muziki ikashika njia tena, akanisukuma pole, na miguu yangu ikamufuata kwa sababu ilishazoea. Wamama wakapiga vigelegele. Niliogopa sana.

"Nani alikufunza?" nikamuuliza polepole.

"Yeye mwenyewe," akasema. Alikuwa anaangalia chini. "Wakati alianza kugonjwa, saa ulikuwa unaenda soko. Alisema siku ya kumaliza matanga utachagua hii. Alisema nisipoijua utanikimbia."

Kumbe. Nilikuwa narudi na mboga kichwani, namukuta Lucien amelala, amechoka, shati imelowa. Nikasema ni homa. Nikamupanguza, nikamupikia uji.

Diske ilifika fasi ya mwisho ya kusimama. Télesphore akanisukuma pole. Sikuenda. Akanisukuma tena. Nikabaki nasimama katikati ya watu, na violon ikamaliza yenyewe bila sisi, sindano inakwaruza.

"Rudisheni mwanzo," maman Delphine akasema. "Amechoka tu."

"Hapana, maman, sijachoka. Nyumba mutakamata, najua. Kamateni. Na wewe, shemeji, sina kinyongo na wewe."

Télesphore alikuwa bado ameinua mukono, hajui aupeleke wapi, na nilimuhurumia.

Nilifunga nguo zangu ndani ya kitambaa cha kikwembe, nikashika barabara ya Mudaka, kwa mama yangu. Njia yote nililia kwa hasira. Lucien alinijua vizuri hivi, mpaka diske yenye nitachagua, na hakuniuliza hata siku moja ninataka nini.