Pampu Iliyogongwa Nyuma ya Kitenge

Watu wa Kisondela bado wananisema. Waseme, midomo ni yao. Siku ile mwenye gari nilikuwa mimi, mwenye kujua kuiendesha nilikuwa mimi, na mgonjwa alikuwa baba mkwe wangu, ambaye kwa mila yetu Wanyakyusa mkamwana hamtazami usoni wala hasemi naye. Ukikutana naye njiani unajitanda kitenge, unaingia migombani mpaka apite. Jina lake hulitamki. Miaka yote ya ndoa yangu nilijua kofia yake na kikohozi chake, basi.

Gari aliiacha marehemu mume wangu, Hezron. Ni ya Kijapani, ya zamani, yenye turbo, na ikinguruma Kawetele unaisikia huku kwetu. Aliiita Radi. Mzee aliipenda gari ile, jamani! Alikuwa akikaa kiti cha nyuma kama mkuu wa mkoa, akimwambia mwanawe, "Ongeza!" Baada ya msiba, kila nikipita na Radi mzee alikuwa anatoka barazani kuisikiliza, halafu anarudi ndani. Sikumwona, niliambiwa na shemeji yangu, Anania.

Sasa Hezron alikuwa na ugonjwa wa madereva wote wa huku: mafuta ya kufika tu. Kujaza tenki kwake ilikuwa dhambi. Fundi wetu Mudathiri alimgombeza mpaka akachoka: "Pampu imo ndani ya tenki, bwana, na petroli ndiyo inayoipoza! Ukiiacha kwenye tenki tupu inaungua." Hezron anacheka. Haya, kafa yeye, pampu kaniachia mimi. Ikaanza kulia kama mbu chini ya kiti cha nyuma, kisha kwenye vilima gari ikawa inaishiwa pumzi. Mudathiri akatoa kiti, akaitazama. "Mama, hii imezeeka. Hata ingetunzwa, siku yake ingefika. Mpya inakuja kutoka Mbeya. Mpaka ije, usipande nayo kilima."

Haikuwa imefika Anania aliponijia analia. Mzee anapumua kwa shida, kwenye bodaboda hawezi kukaa, na mvua haijakatika tangu asubuhi.

"Shemeji, tufanyeje?"

Nilifunga kitenge nyuma ya viti vya mbele, dirisha hadi dirisha, nikageuza kioo cha kati kitazame juu. Nikasimama nimeelekea ukuta wakati Anania na majirani wanamlaza mzee nyuma, kwenye godoro, pale kiti kilipotolewa. Kisha nikaingia, Anania akakaa pembeni yangu, tukaondoka kwenda hospitali Tukuyu.

Kwenye kilima cha mwisho kabla ya lami, Radi ikazima. Nikawasha, wapi! Anania akashuka kukimbilia nyumba za jirani kutafuta watu wa kusukuma. Mimi nikampigia Mudathiri, simu ikiwa kwenye sauti kubwa.

"Pale kiti kilipotoka kuna kifuniko cha chuma," akasema. "Kigonge, pampu itashtuka. Ila mmoja agonge, mwingine awashe!"

Mwingine yupi? Nikashika kitasa cha mlango. Mungu ananijua, nilikuwa tayari kwenda kule nyuma, mila ikae pembeni.

Nikasikia kikohozi. Kisha sauti: "Radi."

Hakusema na mimi. Alisema na gari.

"Radi, mwambie mke wa Hezron akae alipo. Nimesikia. Alete spana."

Nikapitisha spana chini ya kitenge, mkono ukaipokea. Nikasikia godoro likivutwa, kisha ko, ko, ko. Nikawasha, Radi ikanguruma! Nikampigia Anania honi na kuondoka, maana kumngoja ilikuwa ni kuzima tena.

Tukapanda hivyo. Gari ikilegea, anagonga. Akigonga, inapata nguvu. Nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja.

"Radi," nikasema na mimi, "mwambie baba tumekaribia."

"Mwambie aongeze!"

Nikaongeza. Akacheka huko nyuma, kicheko cha Hezron kabisa, na moyo wangu ukatamani barabara isiishe.

Mabati ya Tukuyu yalipoanza kuonekana, akasema polepole, "Radi, mwambie ndaga." Ndiyo asante ya kwetu.

Baadaye kidogo gari ikaanza kulegea. Nikangoja spana.

"Radi, mwambie baba agonge."

Nikakanyaga mafuta, gari ikazidi kulegea.

"Radi, mwambie baba."

Gari ikazima, ikasimama yenyewe kando ya barabara.

"Baba!" nikaita, bila kumpitishia mtu wala gari. Nikavuta kitenge.

Alikuwa amelala ubavu, spana ingali mkononi, pumzi hakuna. Paji la uso lilikuwa la Hezron, na kidevu cha Hezron, na zile nyusi zilizokutana. Kumbe mume wangu angezeeka akawa hivi. Niliwalilia wote wawili kwa mara moja.

Wanaonisema wanasema nilimtazama mkwe. Ndiyo, nilimtazama. Na macho nilimfumba mimi.

Pampu mpya ilikuja. Mudathiri ameifunga, nami siku hizi najaza tenki mpaka juu. Radi inapanda kilima kile bila kulia wala kulegea. Nikifika pale ilipozima napunguza mwendo, natega sikio nyuma. Hakuna anayegonga.